Kabla mtoto hajaenda kukimbilia chuo Marekani

Kocha wa chuo huko Marekani ameanza kumtumia mtoto wako jumbe? Hongera. Sasa shughulikia karatasi, maana chuo kinaweza kumkubali halafu NCAA, shirika linalosimamia michezo ya vyuo, likamzuia kushindana kwa sababu ya masomo.

Matokeo ya KCSE: Kiingereza, hisabati, sayansi na masomo ya jamii. Division I, yaani daraja la juu kabisa la NCAA, wanataka wastani usiopungua 2.3 kwa kipimo chao cha 4. Muda mzuri wa mita 5,000 haufidii hisabati iliyoanguka.

Majina: cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule na pasipoti vifanane herufi kwa herufi.

Ada: kama shule inashikilia cheti kwa sababu ya salio, kalipeni mapema, msingoje wiki ya viza.

Kisha hili la vyuo vya hapa nyumbani, na hapa nisikilizeni vizuri. Mdogo wangu alimaliza Kidato cha Nne, akaahidiwa ufadhili wa Agosti ya mwaka uliofuata. Mama akaona si vyema kijana akae bure miezi yote hiyo. Tukauza mtamba, tukamwandikisha chuo cha karibu, mwanafunzi wa muda wote (full-time). Alihudhuria wiki sita, kisha akarudi mazoezini bila kuaga ofisi yoyote. Sisi tukasahau kabisa.

Fomu ya NCAA inauliza kila chuo ulichowahi kusoma. Ajenti alitushauri turuke swali hilo. Tukakataa, na hata leo najua tulifanya sawa, kwa kuwa uongo ukigunduliwa humrudisha mtoto akiwa ameshafika huko. Tukaomba transkripti, yaani rekodi ya masomo na gredi zake chuoni. Ilikuja na masomo manne, na kwenye safu ya gredi vistari vinne. Basi akahesabiwa mwanafunzi anayehama chuo, tena mwenye rekodi mbaya, na kwa kanuni ya wakati huo miaka yake 5 ya kushindana ilikuwa imeanza kuhesabiwa siku alipoingia darasa lile. Nafasi akapewa mwingine. Mama aliniuliza chuo cha wiki sita kinahesabiwaje chuo. Sikuwa na jibu la kumpa.

Kwa hiyo, akiwa anasubiri, asaidie shambani au asome kozi fupi ya kompyuta. Msilipe chuo chochote kabla ya kumwuliza kocha, na ajibu kwa maandishi. Kama ameshaingia, afanye mitihani ya muhula wote, au ajitoe rasmi na kupewa barua yenye mhuri.

Asikimbilie zawadi za pesa kiholela. Asikae miaka nyumbani akishindana, kwani misimu yake itakatwa. Akifika huko asiache vipindi. Division I humdai kredit 24, yaani vipimo vya masomo aliyofaulu, kabla ya mwaka wa pili. Nywila ya akaunti yake aishike mwenyewe, si ajenti. Kanuni hubadilika, someni upya kila mwaka. Nakala za vyeti toeni tatu, moja ibaki kwa mama.