Nyundo na Unyoya Mwezini: Namna ya Kuitumia Video Moja kwa Watu wa Rika Zote

Video ya sayansi ikichezwa mfululizo hadi mwisho, watu hufurahi kisha husahau. Ninapowakusanya watoto, vijana na wazee mbele ya skrini moja, nataka wabishane kwanza. Kwa kazi hiyo hakuna video ninayoipenda kama ile ya tarehe 2 Agosti 1971: mwanaanga David Scott wa safari ya Apollo 15, akiwa amesimama juu ya Mwezi, anaachia nyundo na unyoya kwa pamoja.

Hatua ya 1: Pakua mapema. Tafuta kwa maneno "Apollo 15 hammer feather" na uihifadhi kwenye simu au kompyuta. Usitegemee bando siku yenyewe. Kama huna projekta, simu moja inatosha watu watano au sita.

Hatua ya 2: Zima sauti, simamisha video kabla hajaachia. Sauti ni ya Kiingereza na inatoboa siri. Eleza mwenyewe: nyundo ina kilo 1.32, unyoya wa kipanga una gramu 30 hivi. Uliza kipi kitatangulia kufika chini. Kila mtu ajibu, na atoe sababu. Anza na wadogo, maana wakubwa wakishasema, watoto hufuata. Usimsahihishe yeyote.

Hatua ya 3: Jaribuni wenyewe. Hapa usiwe na haraka. Achia daftari na karatasi tupu kwa wakati mmoja: karatasi itayumbayumba na kuchelewa. Kisha ifinyange karatasi ileile iwe donge, uachie tena. Safari hii vitafika karibu pamoja. Uzito wa karatasi haujabadilika hata chembe, basi kilichobadilika ni nini? Waache wahangaike na swali hilo. Mwisho chukua karatasi nyingine iliyo ndogo kuliko daftari, ilaze juu ya daftari bila kuibandika, uachie. Zitashuka pamoja, kwa kuwa daftari limetangulia kuipasulia njia hewani. Kwa kawaida ni mtoto ndiye anayetamka neno "hewa" kwanza, nami humwacha awaeleze wengine.

Hatua ya 4: Sasa cheza video. Nyundo na unyoya vinagusa ardhi pamoja, kwa sababu Mwezini hakuna hewa ya kuuzuia unyoya. Lazima atatokea wa kusema, "Mwezini hakuna mvutano." Mrudishie swali: kama haupo, nyundo imeangukaje? Mvutano upo, ila ni takriban moja ya sita ya huu wa Dunia. Rudia kipande hicho mara kadhaa.

Hatua ya 5: Kwa wanafunzi wa sekondari. Kimo kilikuwa takriban mita 1.6. Mchapuko wa mvutano Mwezini ni mita 1.62 kwa sekunde mraba. Duniani ni 9.8. Kwa kanuni t = √(2h/g), ambapo t ni muda, h ni kimo na g ni mchapuko huo, wakokotoe muda wa kuanguka: sekunde 1.4 kule, 0.57 huku. Kisha wapime muda kwenye video. Wakipata tofauti ndogo si kosa, kimo chenyewe ni makadirio. Nyumbani warekodi jiwe likianguka kutoka kimo hichohicho kwa kamera ya simu ya mwendo wa polepole, walinganishe.

Pengine mzee mmoja atasema Mwezini ni kwingine, huku mambo ni tofauti. Hoja yake ni ya haki, nami huijibu kwa video ya pili. Mwaka 2014, katika chumba kikubwa cha ombwe (chumba kinachoweza kuondolewa hewa) cha NASA huko Ohio, Marekani, tufe zito la mchezo wa bouling na manyoya viliangushwa mara mbili: kwanza hewa ikiwemo, kisha ikiwa imenyonywa karibu yote. Hapo mvutano ni huuhuu wetu. Isimamishe nayo kabla ya mara ya pili, uwaulize tena.