Kunakili kwa rangi za mafuta picha ya Augustine Roulin iliyochorwa na Van Gogh

Anayetaka kujifunza kunakili picha ya mwanamke kwa rangi za mafuta hatakosea akianza na ile ambayo Vincent van Gogh aliiita La Berceuse, neno la Kifaransa lenye maana mbili: mama anayembembeleza mtoto, na wimbo wenyewe wa bembelezi. Aliyechorwa ni Augustine Roulin, mke wa Joseph Roulin aliyekuwa mfanyakazi wa posta huko Arles, kusini mwa Ufaransa. Mtoto wao Marcelle, aliyezaliwa Julai 1888, haonekani kabisa. Kinachoonekana ni kamba ya kubembezea kitanda chake, iliyo mikononi mwa mama. Van Gogh aliianza kazi hiyo Desemba 1888, akakatizwa na maradhi, na kufikia mwisho wa Machi 1889 alikuwa amemaliza picha tano za mama huyo huyo katika mkao ule ule. Kwa hiyo kunakili hapa si kumvunjia heshima mchoraji, maana yeye ndiye aliyetangulia kuinakili.

Kati ya hizo tano, zilizoko Boston, Chicago, New York, Amsterdam na Otterlo, chagua moja na usiiache hadi mwisho. Mimi hupendekeza ile ya Chicago, kwa sababu jumba la makumbusho la Art Institute la mji huo hutoa bure picha yake kubwa ambayo ukiivuta karibu unaona hata mapito ya brashi. Jaribio langu la kwanza liliharibika kwa sababu nilichukua ukuta wa picha moja na uso wa nyingine. Kila kipande peke yake kilikuwa kizuri, lakini uso ulionekana kama wa mgonjwa wa manjano, kwa kuwa katika kila picha kijani cha ukuta na njano ya uso vimepimwa kwa pamoja.

Picha za asili zina kimo cha takriban sentimita 92 na upana wa 73. Kanvasi ya kipimo hicho ukiigawa miraba 10 kwenda chini na 8 kwenda kando, kila mraba unakaribia sentimita 9, na kazi ya kuhamisha mistari inakuwa nyepesi. Mwenye nafasi ndogo atumie nusu ya vipimo hivyo, lakini asishuke zaidi, kwa maana maua ya ukutani yatageuka madoa. Chora kwa mkaa, upanguse vumbi lake kwa kitambaa kikavu, kisha upitie mistari kwa rangi ya buluu iliyozimuliwa kwa tapentaini.

Kuhusu rangi hatuna haja ya kubahatisha, kwa sababu Van Gogh alizieleza katika barua ya Januari 1889: kifua cha gauni ni kijani cha zeituni na sketi ni kijani kilichofifia, nywele zilizosukwa ni za rangi ya chungwa tupu, uso na mikono vimejengwa kwa njano ya kromu, sakafu ni nyekundu kali, na karatasi ya ukutani ni kijani chenye ubuluu, yenye maua ya dalia ya waridi na vidoti vya chungwa na buluu. Usitafute rangi zile zile alizotumia. Njano ya kromu ina risasi, nyekundu ya vermilioni ina zebaki, na kijani cha Veronese cha siku zile, ndicho kile cha sketi, kilikuwa na aseniki. Kadimiamu ya njano na ya nyekundu zinatosha badala ya mbili za kwanza, ingawa nazo si za kushikwa kwa vidole vitupu, na kijani kile utakipata kwa kuchanganya rangi ya kijani iitwayo viridiani, nyeupe na chembe ya njano.

Anza na sehemu pana, yaani sakafu, gauni na kiti, kwa rangi nyembamba iliyozimuliwa, kisha uziachie siku chache. Tabaka za juu ndizo zenye mafuta ya kitani mengi zaidi. Ukigeuza utaratibu huo, tabaka la juu litakauka kabla ya lile la chini na baadaye litapasuka.

Uso ndio unaowashinda wengi, kwa kuwa mkono hukimbilia kuchanganya rangi ya ngozi. Hapa hakuna rangi ya ngozi. Pana njano iliyolainishwa kwa nyeupe, kijani kidogo pale penye kivuli chini ya taya na kando ya pua, na waridi kidogo mashavuni, kila moja ikiwekwa kwa mpigo unaofuata mviringo wa shavu na kuachwa bila kusuguliwa. Ukiona umeanza kulainisha mipaka kwa brashi kavu, weka brashi chini unywe chai. Baada ya hapo ndipo mistari ya mzingo inapopitishwa, mizito na ya rangi iliyokolea, kuzunguka taya, mabega na vidole. Kwenye mikono, chora kwanza kamba, kisha vidole vinavyoishika, la sivyo kamba itaonekana imewekwa juu ya mkono wala haikushikwa.

Maua nayaacha ya mwisho, kwa sababu rangi yake ni nene na mkono huyagusa ukiwa unafanya kazi usoni. Nyekundu kadhaa alizotumia Van Gogh ni za aina inayopauka kwa mwanga, kwa hiyo inakubidi uamue kama utanakili waridi unayoiona leo au utaikoleza kidogo. Mimi hufuata ninachokiona, kwani kukoleza ni kukisia.

Matambara yenye mafuta ya kitani usiyarundike pembeni, kwani yanaweza kupata joto na kuwaka yenyewe. Yaanike yakiwa yametandazwa, au yaloweshe kwa maji. Vanishi isubiri miezi 6 hadi mwaka mzima. Sahihi ya Van Gogh usiiandike. Andika jina lako na neno "nakala" nyuma ya kanvasi.

Katika barua ya Mei 1889 Van Gogh alieleza kwamba picha hii ikae katikati ya picha zake mbili za alizeti, moja kulia na nyingine kushoto. Alizeti hizo zina vipimo vinavyokaribiana na hivi, kwa hiyo fundi atakayekutengenezea fremu ya kanvasi mwagize tatu kwa mara moja.