Kampuni ya kuchoronga ikitaka kuingia shambani kwako, bana hapa

Hii ni ya watu wa Misungwi, Sengerema na Kwimba, umeamka asubuhi unakuta vijana wa reflekta wanapiga GPS kwenye mihogo yako, wanataka kuchoronga, yaani kutoboa ardhi kutafuta madini.

Kwanza futa hesabu ya "dhahabu yangu". Marekani mara nyingi mwenye shamba ndo mwenye gesi iliyo chini, so kampuni inakaa naye mezani wanabishania mrabaha, yaani mgao wa mwenye mali kwa kinachochimbwa. Kwetu Tanzania madini na gesi ni mali ya umma, mrabaha unaenda serikalini. Chako ni cha juu: mazao, nyumba, miembe, kisima, njia ya ng'ombe. Banana nao hapo hapo.

Waombe leseni, nenda na mtendaji wa kijiji ofisi ya madini mkaangalie kama shamba lako limo kweli. Leseni ya utafutaji sio hati ya shamba, kuchoronga karibu na nyumba au mazao yako wanahitaji ridhaa yako ya maandishi, na wakishakuwa nayo nguvu yako imepungua nusu, kwahiyo usiharakishe kumwaga wino eti kwa sababu wamekuja na soda.

Piga picha kila kitu kabla rigi, ile mashine ya kuchoronga, haijaingia. Hesabu mti mmoja mmoja.

Sasa mkataba. Wengi wanakimbilia hela ya shimo tu, wanasahau lori la maji linalopita kwenye mpunga kutwa nzima, wanasahau na kile kidimbwi cha matope ya rigi, aisee hicho ndo kinanikera, jamaa wakihama kinabaki wazi ndama anatumbukia na simu hawapokei. Andikeni mashimo mangapi, siku ngapi, gari lipite wapi, nani anafukia kidimbwi, na kiasi gani cha hela ya kampuni hakirudishwi kwao mpaka kidimbwi kifukiwe, yaani dhamana ishikwe kijijini. Iwe kwa Kiswahili, nakala ubaki nayo, na mwenza wako asaini pia.

Wakikuta mzigo, yaani madini ya kutosha kuchimba, wakataka uhame kabisa, hayo ni mazungumzo mengine, usikubali yachanganywe na karatasi ya kuchoronga. Hapo anakuja mthamini aliyesajiliwa, na fidia sio ardhi na mazao tu, kuna posho ya usumbufu, usafiri, na kama una nyumba kuna posho ya makazi inayopigwa kwa kodi ya miezi 36. Fomu ya uthamini yenye nafasi tupu usiisaini, hata kama mwenyekiti amekaa pembeni anakukonyeza.