Namna ya Kumfundisha Mwenzi Wako Kucheza Age of Empires II

Mtu anayependa mchezo wa mikakati wa kompyuta hutamani mwenzi wake naye aupende, lakini mara nyingi somo la kwanza ndilo linaloiua hamu hiyo, kwa sababu anayejua huliona kila kosa kabla halijatendeka na hawezi kuvumilia kunyamaza. Mwongozo huu unahusu Age of Empires II, mchezo ambamo kila mchezaji huwatuma wanakijiji wake kukusanya mali, hujenga mji na kuunda jeshi la kupigana na wapinzani, uliotoka mwaka 1999 na kutolewa upya kwa sura mpya mwaka 2019, na hesabu zote nitakazozitaja ni za toleo hilo la 2019. Nimeuchagua kwa sababu ndio ninaoufahamu vizuri zaidi, na ndio niliomfundishia mume wangu nyumbani kwetu Ngamiani, hapa Tanga. Sharti ninalolishikilia kuliko yote ni kwamba kipanya kikae mkononi mwa anayejifunza tangu mwanzo wa mchezo hadi mwisho wake, na kazi ya anayefundisha iwe kuuliza, si kuamuru.

Yeyote aliyewahi kukaa penye baraza la bao anaijua tabia ya watazamaji. Mchezaji akichelewa kidogo tu kuinua kete, sauti tatu zinamwambia acheze shimo lipi, na mara mchezo unakuwa si wake tena. Fundi wa bao hulistahimili hilo, kwa kuwa tayari ana hesabu yake kichwani na kelele haziwezi kuivuruga. Mwanagenzi hana hesabu ya kuilinda, kwa hiyo kila anachoambiwa anakifanya, na mchezo ukiisha hajui kwa nini ameshinda wala kwa nini ameshindwa. Ikiwa mwenzi wako anacheza bao, una bahati kubwa, kwani aliyezoea kunamua, yaani kuingiza kete moja moja ubaoni mwanzoni mwa mchezo, anajua tayari kwamba kete zinazoingizwa mapema ndizo zitakazoamua hali yake atakapofika kwenye mtaji, yaani hatua ya pili ambapo kete za mkononi zimekwisha, na Age of Empires II ina roho hiyohiyo: vita vya baadaye huamuliwa na uchumi wa dakika za mwanzo.

Maandalizi

Chagueni saa ambayo hakuna anayemsubiri yeyote kati yenu. Kwetu huwa ni baada ya sala ya Isha, watoto wakiwa wamelala na joto limepungua, kwa maana mchezo mmoja wa mwanagenzi unaweza kuchukua zaidi ya saa nzima na si vizuri kuukatiza katikati. Hakikisheni laptopu imejaa chaji, na mhifadhi mchezo kila mnapoingia zama mpya (zama ni hatua ambazo mji hupanda, kutoka Zama za Giza hadi za Kikabaila, kisha za Ngome), kwa sababu umeme ukikatika kompyuta ikiwa na betri mbovu, kazi yote ya jioni hiyo inaweza kupotea.

Katika mipangilio, weka mpinzani mmoja tu wa kompyuta kwa kiwango cha chini kabisa cha ugumu, na uchague kasi ya polepole kuliko zote. Kwa ramani, ninapendekeza Arena, ambako kila mchezaji anaanza akiwa amezungukwa na ukuta wa mawe. Watu wengi humwanzisha mgeni kwenye Arabia, ambayo ni ramani ya wazi, kwa hoja kwamba ndiyo inayochezwa zaidi. Sikubaliani nao. Mtu anayejifunza kuchinja kondoo na kujenga nyumba hapaswi wakati huohuo kuhofia askari wanaoingia mjini kwake kutoka pande zote. Ukuta wa Arena unampa utulivu wa kufikiri, na ni utulivu huo unaomfundisha.

Mchezo huu hauna Kiswahili, kwa hiyo mwenzi asiyezoea Kiingereza atategemea picha za vitufe. Msomee maelezo ya kila kitufe siku anapokihitaji, wala usimpitishe vyote kwa mara moja. Mwonyeshe pia mambo matatu ya kibodi na uishie hapo: F3 husimamisha mchezo, herufi H humrudisha kwenye jengo kuu la mji, na kitufe cha nukta humpeleka kwa mwanakijiji asiye na kazi. Hicho cha nukta ni cha thamani kuliko ujanja wote wa vita, kwa kuwa mwanagenzi hupoteza mali nyingi zaidi kupitia watu waliosimama bure kuliko kupitia watu waliouawa.

Ndani ya mchezo kuna kampeni ya mafunzo ya William Wallace yenye sehemu saba, ambayo inaanza kwa kuwatembeza askari tu. Ni nzuri kwa kuuzoesha mkono kipanya, lakini kaa naye anapoicheza, kwani akiachwa peke yake ataiona kama adhabu ya shule.

Dakika za mwanzo

Hapa ndipo panapostahili muda wako wote wa jioni ya kwanza, hata kama hamtafika vitani. Mchezaji anaanza na wanakijiji watatu, mpelelezi mmoja aliyepanda farasi, chakula 200, mbao 200, dhahabu 100 na mawe 200. Kabla hajabofya chochote, simamisha mchezo kwa F3 na umwombe akutazamie namba hizo juu ya kioo na akuambie anafikiri zinamtosha kwa nini. Usiharakishe jibu.

Kisha mpe bei. Mwanakijiji mmoja hugharimu chakula 50 na huchukua sekunde 25 kutoka. Mwache apige hesabu mwenyewe: chakula 200 ni watu wanne, na watu wanne ni sekunde 100, maana yake kabla ya dakika mbili kwisha atakuwa hana chakula cha kumtoa mtu wa tano, isipokuwa kama mtu fulani tayari ameanza kuleta nyama. Mwenzi anayeifikia hesabu hii kwa kichwa chake mwenyewe hatahitaji tena kuambiwa awatafute kondoo; atamtuma mpelelezi azunguke karibu na mji kwa sababu ameona njaa inakuja. Kila kondoo ana chakula 100, kwa hiyo kondoo mmoja ni wanakijiji wawili, na ukimweleza kwa namna hiyo ataacha kuwaona wanyama kama mapambo ya ramani.

Jambo la pili ni nyumba. Jengo kuu linaweza kubeba watu watano tu, na anapoanza tayari ana wanne akihesabiwa mpelelezi. Nyumba moja hugharimu mbao 25 na huongeza nafasi tano. Kwa sheria ninayoipendekeza, usimwambie hili mapema. Mume wangu alipolifikia, alibofya kitufe cha kutoa mwanakijiji na hakuna aliyetoka. Akabofya tena, kwa nguvu zaidi. Akaniuliza, "Mke wangu, mbona huyu hatoki?" Nikamwuliza ni kitu gani kinachowaka na kuzima juu ya kioo. Akainua macho, akaiona namba ya watu inameta, akaisoma polepole: tano kwa tano. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kumbe hawana pa kulala." Tangu jioni ile, nyumba zake hujengwa kabla hazijahitajika, na sikuwahi kulirudia somo hilo.

Baada ya hapo, wanakijiji wanne au watano wapya wapelekwe kwenye mbao, na wengine kwenye matunda ya vichakani. Kambi ya wakata mbao inagharimu mbao 100, na kinu, kinachopokea matunda, pia mbao 100. Mfundishe kuyajenga majengo hayo yakiwa yamegusana na miti au matunda, halafu mfuatilie mwanakijiji mmoja kwa macho kutoka kwenye mti hadi kambini na kurudi, ili aone mwenyewe kwamba kila hatua ya safari ni mbao isiyokatwa. Kondoo na matunda yakianza kupungua, aanze mashamba, kila moja likigharimu mbao 60, na hapo ataelewa kwa nini mbao zinahitajika kuliko alivyodhani.

Kuna nguruwe mwitu pia, wenye chakula 340 kila mmoja, na wachezaji hodari huwavuta hadi kwenye jengo kuu na kuwaulia hapo. Kwa mgeni, waache. Nguruwe humuua mwanakijiji mmoja aliye peke yake kwa urahisi, na hakuna kinachomvunja moyo mwanagenzi kama kumpoteza mtu wake kabla hajaelewa alichokuwa anakifanya.

Maswali badala ya amri

Ninaposema uulize, sina maana ya maswali ya mtego ambayo jibu lake limo ndani yake. "Huoni kwamba dhahabu imekwisha?" ni amri iliyovikwa vazi la swali, na anayejifunza huisikia hivyo. Swali la kweli ni lile linalomrudisha kwenye mpango wake: "Unakusanya kwa ajili ya nini sasa?" Akijibu kwamba anakusanya ili aingie Zama za Kikabaila, muulize anahitaji kiasi gani. Atatafuta kitufe, ataona kwamba ni chakula 500 pamoja na majengo mawili ya Zama za Giza, atakumbuka kwamba kinu na kambi ya mbao alizozijenga zinahesabiwa, na ataamua mwenyewe kama awaongeze watu kwenye chakula au aendelee na mbao.

Akibofya kitufe cha kupanda zama akiwa na watu kumi, mwache. Wakati mji unapanda, jengo kuu haliwezi kutoa wanakijiji, na katika zama mpya atajikuta hana mali ya kujenga chochote. Mchezo ukiisha, fungueni pamoja ukurasa wa takwimu unaoonyesha jinsi idadi ya watu na mali ilivyopanda na kushuka, na umwombe akuonyeshe mahali mambo yalipoanza kukwama. Mchezo unaofuata, mshauri angojee hadi awe na watu kati ya 25 na 30, lakini sasa ushauri huo utaingia kwenye kichwa kilichokwisha kuona haja yake.

Yapo mambo mawili tu ambayo ninaruhusu mwalimu ayasahihishe papo hapo: kitufe ambacho mwenzi hakijui, na kitendo kinachoweza kufuta mchezo wenyewe. Mengine yote yanaweza kusubiri. Na usishike kipanya "mara moja tu", kwani mkono wako ukishaingia, yeye anageuka mtazamaji.

Vita

Vita ni rahisi kufundisha kuliko uchumi, na mwenzi wako atavipenda bila kushawishiwa. Mpe mzunguko mmoja wa kuanzia: askari wa mikuki huwaangusha askari wa farasi, wapiga mishale huwaangusha askari wa mikuki, na warusha mikuki huwaangusha wapiga mishale. Kisha mwekee bei mbele yake. Askari wa farasi wa Zama za Ngome hugharimu chakula 60 na dhahabu 75, ilhali askari wa mikuki hugharimu chakula 35 na mbao 25 tu, bila dhahabu hata moja. Aliyezielewa namba hizo anajua kwamba jeshi la gharama linaweza kuvunjwa na jeshi la bei nafuu lililochaguliwa kwa akili, na ataanza kumtuma mpelelezi akaangalie adui anajenga nini kabla ya kuamua askari wake.

Kucheza pamoja

Kama mna kompyuta mbili zilizounganishwa, kuna njia moja ambayo naiona bora kuliko zote kwa wapenzi wawili. Wachezaji wawili wakichagua namba ileile ya mchezaji kabla ya mchezo kuanza, wanatawala taifa moja kwa pamoja: wanakijiji ni wale wale, ghala ni lile lile, askari ni wale wale. Mpe mwenzi wako uchumi wote, nawe uchukue jeshi, lakini usitumie mali bila kumwomba. Utakapohitaji dhahabu ya askari wa farasi na yeye akakujibu kwamba haipo kwa sababu anajenga mashamba, mtajadiliana, na katika majadiliano hayo atakuwa anafanya kazi ya mtawala, si ya mwanafunzi. Michezo michache baadaye badilishaneni.

Mwenye kompyuta moja hajakosa. Mwenzi akishaweza kumaliza mchezo mwenyewe, lile sharti la kipanya linaweza kulegezwa, nanyi mpokezane kwa zama: yeye acheze Zama za Giza na za Kikabaila, wewe upokee za Ngome, na upokee kila kitu kama alivyokiacha bila kulaumu.

Kupambana ninyi kwa ninyi kuje baadaye, na kuje kwa ombi lake. Usimwachie ushindi kwa makusudi, kwa sababu atagundua, na kila ushindi wake wa kweli baada ya hapo atautilia shaka. Badala yake, jifunge mwenyewe kwa sharti mnalolijua wote wawili, kwa mfano kwamba hutatoa askari wa farasi kabisa katika mchezo huo, au tumieni kipengele cha mkataba wa amani kinachozuia mapigano kwa muda mtakaouchagua. Mkataba wa dakika 30 unatosha kwa mtu aliyejifunza kwa njia hii, kwa kuwa ndani ya muda huo atakuwa ameujenga mji wake kikamilifu, na vita vitakapofunguliwa mtakutana mkiwa na majeshi yanayokaribiana. Hapo unaweza kucheza kwa uwezo wako wote.