Kanga inamwambia nani? Ninavyopata wahusika na dunia za mchezo wa mezani

Mteja wa kanga haanzi na bei. Anaikunjua, anatafuta ule mstari ulio juu ya pindo la chini, anausoma kimoyomoyo, halafu ndipo anapoinua macho. Nauza kanga Mtaa wa Uhuru, Dar es Salaam, dukani kwa shangazi yangu, mwaka wa tisa sasa, na nimeona doti za rangi nzuri ajabu zikirudishwa rafuni kwa sababu ya jina tu. Pindo analipenda, mji unampendeza, ila jina halisemi lile analotaka kusema. Maana jina la kanga lina mlengwa: wifi, jirani, mume, mke mwenza. Atakayelisoma atajua kama ni lake.

Jumamosi usiku, duka likishafungwa, naongoza mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa kusimulia. Tunakaa watu sita sebuleni kwangu Magomeni, birika la chai ya tangawizi katikati, na kila mmoja ana mhusika wake isipokuwa mimi. Mimi ndiye msimulizi. Nabeba dunia yote iliyobaki: upepo, wachuuzi, maadui, mlinzi wa geti. Mchezaji akitaka kufanya jambo lisilo na uhakika, anarusha dadu. (Dadu ya pande 20 tuliikosa mwaka mzima. Tulikata vikaratasi 20, tukaviandika namba, tukavitia kwenye kibakuli, na mchezo ukaenda vizuri kabisa. Usisubiri dadu.)

Watu huniuliza natoa wapi mambo ya kusimulia kila wiki. Nitaeleza, lakini nianze na nilipokosea.

Mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa, Dungeons & Dragons wa Gary Gygax na Dave Arneson, ulitoka Marekani mwaka 1974, na watunzi wake walichota kwenye ngano walizozizoea wao: ngome za mawe, mapanga, mazimwi yanayolalia dhahabu. Nami nikaenda kuchota hukohuko. Dunia yangu ya kwanza ilikuwa na theluji na msitu wa misonobari. Ramani niliichora wiki tatu. Kikao cha kwanza, mchezaji mmoja ambaye ni fundi umeme akaniuliza kwa upole, "Dada, hawa watu wa huku wanakula nini?" Sikujua. Sikujua wanakula nini, wanaamkianaje, wala maiti wao huoshwa na nani. Wachezaji wangu ni watu wastaarabu, walivumilia vikao vitatu, lakini hakuna aliyeuliza swali jingine, na mezani kimya cha namna hiyo ni kibaya kuliko ugomvi.

Jumatatu yake dukani nilikuwa napanga mzigo mpya, nikasoma kwenye kanga: USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO. Jina hilo nimeliuza mara nyingi. Siku hiyo nililisoma kama mtu asiyejua Kiswahili. Je, ikiwa ni kweli kabisa? Ikiwa kila mtoto akizaliwa hupewa nyota, na nahodha hawezi kuvuka bahari ila kwa nyota yake mwenyewe? Basi kuna waliozaliwa usiku wa mawingu, hawana nyota. Kuna wanaokodisha zao. Kuna maiti ambaye nyota yake bado inawaka na watoto wanaigombea kama wanavyogombea nyumba ya urithi. Nikachukua karatasi ya risiti nikaanza kuandika, na mteja akaningoja. Dunia hiyo tunaicheza mpaka leo.

Kilichotokea pale ndicho ninachokitafuta kila mara: nusu ya mazungumzo. Jina la kanga ni jibu ambalo swali lake hulisikii. Mtu amesema, mtu ameudhika, nawe umefika katikati. Kitu kizuri kilichokamilika, picha ya mlima au kasri, hukitazama ukakisifu ukaondoka. Kilichobaki nusu hakikuachi, kwa kuwa lazima uitafute nusu ya pili, na hapo ndipo wachezaji wanapoingia.

Tuanze na wahusika, maana ni rahisi zaidi. Mchezaji mgeni akija kwangu simpi karatasi ya kujaza nguvu na akili na wepesi. Namwekea kanga kumi mezani, achague moja kwa jina lake. Halafu namuuliza: nani amekununulia hii? Unapoivaa, unataka nani aisome? Na jana yake kulitokea nini? Mwalimu mmoja wa sekondari alichagua JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Nilidhani ataleta kisa cha mapenzi. Alitulia kidogo, akasema mhusika wake ni mpiga mbizi mwenye miaka sitini, kila bamvua anazama kutafuta nanga ya jahazi lililomzamisha mwanawe, na kanga kanunuliwa na mkwewe, yaani mjane wa mwanawe, ambaye anataka aache. Akili ngapi, nguvu ngapi, tulijaza baadaye kwa dakika tano. Mtu alikuwa keshafika.

Kama huna kanga kumi ndani (leso, kwa wenzangu wa Mombasa), maandishi ya nyuma ya daladala na bodaboda yanafaa vilevile. Ila chagua yenye makali. Methali ya kufundisha subira itakuzalia mtu mvumilivu, na mtu mvumilivu tu hana la kufanya mezani. NAOGOPA SIMBA NA MENO YAKE SIOGOPI MTU KWA MANENO YAKE ina ugomvi ndani yake tayari. Kuna mtu kasema maneno. Yapi? Je, kweli haogopi? NILIKUDHANI DHAHABU KUMBE ADHABU, hiyo ukimpa mchezaji anayecheza askari aliyekuwa mtiifu kwa mfalme, kaa pembeni umsikilize.

Historia nayo imejaa watu wa namna hii, walioachwa nje ya sentensi. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifika China, akapelekwa kwa mfalme kama zawadi. Wanaosimulia humsifu twiga. Mimi huuliza: nani alimlisha njiani? Mtu alikaa melini miezi kadhaa na mnyama mwenye shingo vile, akamkatia majani, akamshika bahari ilipochafuka. Alipofika, alirudi? Au alibaki kwa sababu mnyama alikataa kula mkononi mwa mtu mwingine? Huyo ni mhusika aliye tayari, na kazi yake, ujuzi wake na huzuni yake vyote vimetoka kwenye swali moja la chakula. Fundi umeme wangu alikuwa sahihi tangu mwanzo.

Kwa upande wa dunia, nenda kwa miguu. Nasema kwa moyo wote, hakuna picha ya kwenye simu inayofanya kazi ya magofu. Walio Dar es Salaam wana Kunduchi: msikiti uliobomoka na makaburi ya nguzo, na kwenye baadhi ya nguzo mabakuli ya kauri ya China yamepachikwa ukutani. Sehemu nyingine pamebaki tundu la mviringo tu. Nilikaa mbele ya tundu moja mpaka jua likawa kali. Bakuli lilivuka bahari yote ile, likawekwa kwenye kaburi la mtu aliyependwa, kisha mkono ukaja ukalibandua. Leo liko wapi, na anayekula humo anajua anakula kwenye chombo cha nani? Kikao kizima cha Jumamosi ile kilitoka kwenye tundu. Waliofika Kaole kule Bagamoyo, Tongoni jirani na Tanga, au Gede upande wa Watamu watanielewa.

Na nusu kubwa kuliko zote ninayoijua imetoka Kilwa. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota sarafu kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa mwa nchi yao. Tano kati yake zilikuwa za shaba, zimepigwa Kilwa. Kutoka Kilwa Kisiwani hadi kule ni karibu kilomita 10,000 za maji. Mpaka leo hakuna aliyethibitisha zilifikaje. Jibu usilitafute. Kwenye dunia yetu ya nyota niliweka sarafu tano kwenye kisiwa ambacho hakuna nyota ya mtu yeyote inayofika, nikanyamaza. Wachezaji wamebuni njia nne za kuzifikisha pale, na njia zote nne sasa ni kweli mahali fulani kwenye ramani.

Masimulizi ya wazee ni hazina nyingine, ila yasikilize mpaka mwisho kabla ya kuyachukua. Kule Mafia husimuliwa kisa cha miji miwili, Kisimani na Kua. Watu wa Kisimani walijenga chombo, wakawaalika wa Kua kwenye sherehe ya kukishusha majini, kisha wakawalaza watoto wa wageni wao njiani, chombo kikapita juu yao. Watu wa Kua hawakusema neno. Walikaa miaka. Halafu wakaandaa harusi, wakawaalika wa Kisimani kwenye ukumbi wa chini ya ardhi, chakula kikawa kingi, na mlango ukazibwa kwa mawe. Ukienda kisiwa cha Juani utaona magofu ya Kua. Kisimani sehemu kubwa imeliwa na bahari. Nilipokisikia mara ya kwanza nilitaka kukitia kwenye mchezo kama kilivyo, vita vya miji miwili. Nikazuia mkono. Vita vimekwisha kusimuliwa. Kisichosimuliwa ni ile miaka ya katikati, watu wa Kua wanapokutana na wa Kisimani sokoni, wanaamkiana, wananunua samaki, na mmoja anajua. Nikawaweka wachezaji wangu humo. Mmoja alikuwa mpishi wa harusi. Alirusha dadu kuona kama ataweza kumwonya rafiki yake wa utotoni bila kutamka, na akatoa 3 kati ya 20.

Muda pia unahitaji kuwa na meno. Msimulizi akisema "mna siku kumi" wachezaji hawasikii kitu. Pwani yetu ilikuwa na saa yake: kaskazi inavuma kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi karibu Machi na kuleta vyombo kutoka Uarabuni na Bara Hindi, kisha kusi inageuka na kuvirudisha. Ukichelewa upepo, umelala ugenini miezi. Watu wameoa kwa sababu hiyo. Nikiwaambia wachezaji kuwa kusi imeanza kunusa, wote wanakaa sawa. Kwa siri ndogondogo natumia maji: mlango wa pango unaonekana tu bamvua ikipwa, mwezi mpevu au mwezi mwandamo, saa zilezile wanawake wanapotoka kuchokoa pweza. Basi wanaojua mlango ulipo si wachawi wala wafalme, ni wachokoa pweza, na lazima uende kwao kwa adabu.

Jambo moja linahitaji uangalifu. Majini, mizimu na makaburi kwa baadhi yetu si ngano. Mchezaji wangu mmoja aliniomba faragha nisiweke pepo wa kupandwa kichwani, kwa sababu ya jambo la mama yake. Sikumuuliza zaidi. Tangu siku hiyo, kabla ya hadithi mpya, namwomba kila mtu aandike kwenye kikaratasi kile asichotaka kukutana nacho, bila jina, tunavikunja, navisoma peke yangu. Kaburi la kweli silipi jina lake mchezoni, wala siwachezei wafu walio na wajukuu hai. Nabeba tundu la bakuli, naliacha kaburi.

Kazi yenyewe ya wiki ni ndogo. Dukani nina daftari la mkopo, kurasa za nyuma ni za mchezo. Nikisikia nusu ya neno naiandika kama ilivyo, bila kuipamba: mama anayemwambia mwanawe "mwambie baba yako amenikuta," abiria anayekata simu baada ya kusema "basi usimzike mpaka nije." Ijumaa usiku nasoma ya wiki nzima, nachagua moja, naandika maswali matatu ambayo mimi mwenyewe sina majibu yake. Hilo la mwisho nalishika sana. Nikiwa na jibu tayari, nitawasukuma wachezaji walifuate, na watahisi mkono wangu mgongoni.

Wiki iliyopita nilichagua la abiria. Nikawaambia mpo bandarini, kaskazi imebakiza siku mbili, na mzee mmoja kwenye gati anawasihi nahodha wote wasing'oe nanga kwa sababu kuna mtu hajazikwa. Nikanyamaza. Mwalimu, yule wa mpiga mbizi, akavuta karatasi yake akaiangalia kitambo.

"Mimi ndiye niliyemwambia asizike," akasema. "Nimeipata nanga."