Jinsi ya kuchambua mchezo wa sataranji ulioanzia ubavuni

Michezo inayofunguliwa kwa c4 (pioni kwenda c4) au Cf3 (farasi kwenda f3) huwachosha wengi: hatua 12 zinapita, hakuna kete iliyoliwa, unadhani hakuna kilichotokea. Tazama pioni. Chukua Réti (weupe) dhidi ya Capablanca (weusi), New York 1924, bingwa wa dunia aliposhindwa kwa mara ya kwanza tangu 1916.

Tandika ubao wa kweli, daftari, na karatasi ya kufunika hatua zinazofuata. Simu weka kando. Umeme ukikatika Bukavu, ubao hauombi chaji. Angalia pia herufi. Vitabu vya Kifaransa huandika C farasi, F askofu, T ngome, D malkia, R mfalme. Kwa Kiingereza R ni ngome, kwa hiyo anayechanganya hukwama hatua ya 10: "Re8", na mfalme yuko g8!

Cheza haraka 1.Cf3 Cf6 2.c4 g6 3.b4, endelea hadi hatua ya 12. Baada ya 13.Cf1 c5 14.b5, simama. Jiulize: ni nyumba zipi ambazo pioni za weusi haziwezi tena kuzilinda? Ziandike kabla ya kufunua chochote. Muhimu kati yake ni c6, d5 na d6. Sasa ruka mbele: 23.Txd6 (x ni kula), 29.Cc6, 31.T1d5 (ngome iliyo d1 ndiyo inayokwenda d5). Zote tatu zimekaliwa na weupe, na farasi wa c6 anashikiliwa na pioni ileile ya b5.

Rudi hatua ya 15. Wengi husifu 16.d4 wakasahau maandalizi yake: ngome ilikwishafika d1 hatua ya 11, na 15.e3 ndiyo iliyowezesha 18.exd4.

Sehemu ya kukalia muda ni 20…Dxc4. Weusi wamezidi pioni moja, lakini ngome ya d1 imezibwa na malkia wake aliye d2 na askofu wa d4. Askofu anaondoka kwa kula: 21.Fxg7 Rxg7. Malkia anaondoka huku akimtishia mfalme: 22.Db2+ Rg8. Njia ni nyeupe, 23.Txd6, pioni imerudi. Usipoandika kila kete ilichokuwa inaziba, utaona bahati tu.

Baada ya 31.T1d5 Capablanca alikubali kushindwa. Mpitishe malkia wa c5 kwa kidole katika kila nyumba anayoweza kufika, uandike kete itakayomla hapo. Kisha jaribu 31…Cc4, maana farasi huyo naye anamshambulia malkia mweupe. Programu ya kompyuta ifungue baada ya hapo, uikague hatua hiyo kwanza.