Kuomba nafasi ya kusoma kilimo Kizimbani: mwongozo kwa anayetoka Pemba, na wa Unguja asome pia

Matokeo ya Kidato cha Sita yakitoka tu, simu yangu haitulii. Mtoto wa jirani, binamu wa Wete, rafiki wa binamu, wote na swali moja: "Dada, nataka kusoma kilimo, nianzie wapi?" Mwaka huu nimemsaidia mdogo wangu mpaka akaripoti, nikaona bora niandike mara moja, mwenye haja asome.

Nazungumzia Skuli ya Kilimo ya SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar), ile ya Kizimbani, Unguja, ambayo watu wazima bado wanaiita Chuo cha Kilimo. Mengi ya humu yatamfaa pia anayeomba SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kule Morogoro. Lakini mimi namwandikia anayetaka pahala padogo, ambapo usipoonekana shambani asubuhi mwalimu anakuulizia kwa jina.

Hatua ya 1: Jua unaingilia mlango gani

Kwa shahada, kiwango cha chini cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) ni prinsipo mbili, yaani masomo makuu mawili uliyofaulu Kidato cha Sita, zenye jumla ya pointi 4.0. A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kwa hiyo D mbili zinafika, ila kila programu ina masomo yake inayoyataka. TCU hutoa kitabu cha mwongozo kila mwaka. Kisome hicho, usisome picha za WhatsApp.

Pointi zisipotosha, pitia stashahada. Wengine wanaiona kama adhabu, mimi siioni hivyo. Aliyepitia stashahada akifika shahada anajua kushika jembe na anajua kuandika ripoti, na wenzake wanamfuata yeye.

Hatua ya 2: Majina (hapa usikimbilie)

Hatua hii ndiyo inayokula siku za watu. Kabla dirisha la maombi halijafunguliwa, tandaza mkekani cheti cha kuzaliwa, cheti cha Kidato cha Nne, matokeo ya Kidato cha Sita na kitambulisho cha Mzanzibari. Soma jina herufi kwa herufi. Usilisome kwa mazoea, kwa sababu jicho lako linalijua jina lako na litakuficha kosa.

Kwetu makosa yanajulikana: Khamis na Hamisi, Fatma na Fatuma, Bakar na Bakari, Hamad na Hamadi. Halafu kuna jina la tatu. Cheti cha kuzaliwa kina jina la babu, skuli wakaandika la ukoo, au waliandika mawili tu wakaishia hapo. Nyumbani hakuna anayejali. Kwenye mfumo wa kompyuta, Khamis na Hamisi ni watu wawili.

Nguzo yako ni cheti cha Kidato cha Nne. Unapoomba chuo, mfumo unakutambua kwa namba yako ya mtihani, na jina linalokuja ni lile lililoko NECTA, Baraza la Mitihani. Kwa hiyo usihangaike kwanza kubadilisha vyeti vya mtihani. Vilinganishe vingine navyo. Cheti cha kuzaliwa na kitambulisho vinashughulikiwa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, ZCSRA, na ofisi zake zipo wilayani, huna haja ya kupanda meli. Nenda na mzazi, na nenda asubuhi.

Kama tofauti ni ya herufi tu, mara nyingi hati ya kiapo inatosha: unaapa mbele ya wakili au kamishna wa viapo kwamba majina yote mawili ni yako. Mtu akikwambia "haina neno, peleka tu hivyo hivyo", muulize kama atakuwepo siku utakaporudishwa. Jina likiwa jingine kabisa, kiapo hakitoshi, na hapo mtafute wakili mapema. Hati ikishatoka, isome kabla hujaondoka ofisini. Niliwahi kuiona hati ya kiapo ya kurekebisha jina yenye kosa jipya la jina.

Mambo madogo mawili. Usilaminishe cheti cha kuzaliwa, maana anayekikagua anataka kuushika mhuri. Na aliyerudia Kidato cha Nne aandike namba zake zote za mtihani, asifiche ile ya mwanzo.

Hatua ya 3: Kujaza maombi

Unaomba moja kwa moja kwenye mfumo wa chuo. Tumia kompyuta. Simu inaweza, lakini ukurasa ukikatika katikati ya kupandisha vyeti utalia. Vyeti viskaniwe steshenari. Picha iliyopigwa juu ya kitanda, na kivuli cha mkono wako, si skani.

Baruapepe iwe yako na nywila uijue mwenyewe. Kuna vijana wa steshenari wanaofungulia watu akaunti kwa baruapepe zao wao, na siku ya majibu kijana hayupo.

Hatua ya 4: Kuthibitisha

Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, utatumiwa namba ya siri ya kuthibitisha unakotaka kwenda. Thibitisha kabla muda haujafungwa. Basi.

Hatua ya 5: Mkopo

Mzanzibari ana milango miwili: Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, na HESLB ya Tanzania nzima. Soma masharti ya zote, kisha uchague. Huwezi kula kotekote. HESLB wanataka cheti cha kuzaliwa kiwe kimehakikiwa, na kwa aliyezaliwa Zanzibar uhakiki huo ni wa ZCSRA. Umeona kwa nini nilikaa sana hatua ya pili? Fomu inapita pia kwa sheha, kwa hiyo mjue sheha wako kabla hujamhitaji. Akaunti ya benki iwe na jina lile lile la cheti.

Hatua ya 6: Kuishi huko

Usisafiri siku ya mwisho ya kuripoti. Bahari ikichafuka, meli ya Mkoani haiondoki, na chuo hakikusubiri.

Njoo na mabuti ya mpira. Raba nyeupe zitakwisha wiki ya kwanza ya mvua za vuli. Daftari la shambani andika kwa penseli, kwani wino ukirowa vipimo vyako vyote vinageuka doa la buluu. Jembe lako mwenyewe, lenye mpini uliouzoea, ni bora kuliko la kugombania stoo.

Kama umekulia shambani una faida: udongo wa kinongo, wa kichanga na wa kinamo unaujua kwa mguu, na darasani utajifunza sababu zake. Ila usimbishie mwalimu kwa "bibi yangu anafanya hivi" mpaka uwe umepima.

Nafasi ya dahalia iulizie mapema. Ukikosa, tafuta chumba kwa familia ya kijijini jirani, si mjini. Tuta la mchicha halijui Jumapili wala sikukuu, linataka maji, na anayekaa Darajani hulikuta limenyauka. Watalii watapita na magari kwenda kuona mashamba ya viungo, watakupungia mkono nawe umeshika ndoo. Wapungie.

Ukienda mafunzo kwa vitendo, mwambie msimamizi atie saini kitabu chako cha kumbukumbu kila wiki. Ukingoja mpaka mwisho, utamkuta yuko likizo.